Njia ya Chogoria: Kupita Ziwa Michaelson Mpaka Kilele cha Lenana

(Mazungumzo ya redioni kwa vikundi vya elimu ya watu wazima. Mwenyekiti wa kikundi ayasome tena kwa sauti kabla ya kuanza majadiliano.)

Natumaini mmekaa vizuri, na kila kikundi kina daftari, penseli na ramani ya Kenya. Kama ramani ipo ukutani, mmoja wenu asimame aweke kidole chake juu ya mstari wa ikweta, kisha akishushe kusini kidogo sana. Hapo kidole kitagusa Mlima Kenya.

Katika somo letu la leo tutapanda mlima huo. Hatutapanda kwa kamba na misumari kama wapandao magenge, bali kwa miguu yetu. Tutaanzia upande wa mashariki, upande wa Chogoria, tulale kando ya ziwa liitwalo Michaelson, kisha tufike kilele cha mawe kiitwacho Lenana. Najua baadhi yenu mtauliza, "Mwalimu, mimi ni mkulima, nina ng'ombe wa kukamua. Nipande mlima kutafuta nini?" Swali hilo ni la haki. Nalijibu hivi: kila mwaka vijana wetu, walimu wetu na wageni wetu hupanda mlima huu, na wapagazi watokao katika vijiji vyetu huwachukulia mizigo. Mara nyingine mtu mzima mwenye afya hupanda akicheka, akashushwa juu ya machela. Aghalabu kinachomleta chini hivyo ni kutojua mambo mawili matatu ambayo yaweza kufundishwa kwa nusu saa. Hayo ndiyo tutakayojifunza.

Kwanza tuujue mlima wenyewe. Mlima Kenya ulikuwa volkano, yaani mlima wa moto. Ulizimika zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita. Wataalamu hukadiria kwamba zamani zile kimo chake kilipita mita 6,000. Moto ulipokoma, mawe yaliyoyeyuka yaliganda ndani ya koo la mlima, yakawa magumu kama kizibo ndani ya chupa. Baadaye mvua, upepo na barafu vililila jivu na mawe laini ya nje, kidogo kidogo, kwa miaka mingi isiyohesabika. Kizibo hakikulika upesi, kikabaki kimesimama peke yake. Hicho ndicho tunachokiona leo kama meno ya mawe juu ya mlima. Jino refu ni Batian, mita 5,199. La pili ni Nelion, mita 5,188. Hayo mawili yanahitaji kamba na ustadi mkubwa. La tatu ni Lenana, mita 4,985, yaani futi 16,355, na hilo laweza kufikiwa na mtu anayetembea tu. Majina yote matatu yametokana na majina ya malaiboni wakuu wa Wamasai.

Wakikuyu huuita mlima huu Kirinyaga, na wazee wao tangu kale wamesema ndipo makao ya Ngai. Jina la Kenya linasemekana limetokana na matamshi ya Wakamba. Tarehe 3 Desemba 1849, Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyekuwa akikaa Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima huu akiwa Ukambani, huko Kitui. Huyu ndiye Krapf yule yule aliyetunga kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Alipoandika kwamba ameona theluji karibu na ikweta, wataalamu wengine wa Ulaya walimdhihaki. Lakini wenyeji hawakuhitaji kuambiwa. Weupe ule waliuona kila asubuhi wakienda kisimani. Mtu wa kwanza ajulikanaye kufika kilele cha Batian ni Mwingereza Halford Mackinder, pamoja na viongozi wake wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, tarehe 13 Septemba 1899. Na usiku wa Uhuru, Desemba 1963, Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya Kenya juu ya mlima huu. Basi mlima huu ni wetu kwa historia, si kwa ramani tu.

Sasa tufunge mizigo tuondoke.

Siku ya kwanza tunatoka mji wa Chogoria na kupita msitu. Chini kuna miti mikubwa, halafu mianzi iliyosongamana, ambamo nyati na tembo hupita. Kwa hiyo usitangulie mbele ya kiongozi wa njia, wala usiache barabara kwa kufuata ndege mzuri. Jioni tunafika lango la hifadhi, karibu mita 2,950 juu ya bahari. Hapo tunalala. Wengine wenye gari zuri hutaka kuendelea juu siku hiyo hiyo. Msifanye hivyo, na sababu yake nitaieleza punde.

Siku ya pili tunaiacha miti nyuma na kuingia katika nchi ya majani marefu na vichaka. Upepo unaanza kuwa mkali. Baada ya mwendo wa saa chache tunafika Ziwa Ellis, karibu mita 3,470. Ni ziwa tulivu lililokaa mahali pa wazi. Tunalala hapo.

Siku ya tatu njia inafuata mgongo mrefu wa mlima. Upande mmoja ardhi inaporomoka ghafula ndani ya korongo kubwa. Ukisimama ukingoni penye magenge yaitwayo Temple na kutazama chini, kama mita 300 hivi, utaliona Ziwa Michaelson limelala ndani ya bonde kama kioo kilichowekwa sakafuni. Wageni wengi hunyamaza wakifika hapo. Na wewe nyamaza, lakini usisogee sana ukingoni, maana mawe ya pale yana unyevu na upepo husukuma. Kisha tunashuka kwa njia ya mzunguko mpaka ziwani kwenyewe, karibu mita 3,950, na kupiga hema.

Sasa, ziwa hili limetoka wapi? Zamani, hali ya nchi ilipokuwa baridi kuliko sasa, bonde hili lote lilijaa barafu. Barafu nyingi ikikaa juu ya mteremko haisimami. Huteremka polepole sana, na tumboni mwake hubeba mawe na kokoto. Mmewahi kumwona seremala akipiga randa? Barafu ile ilikuwa randa kubwa. Ilikwangua kuta za bonde zikawa wima, na ilichimba sakafu yake hapa zaidi na pale kidogo. Barafu ilipoyeyuka, maji yakakaa katika shimo lililochimbwa. Basi Ziwa Michaelson ni alama ya barafu iliyopita hapo. Na maji yanayotoka katika bonde hili ndiyo yanayoanzisha Mto Nithi. Nithi huishia katika Mto Tana, na Tana huingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Mvuvi wa Kipini asiyejua baridi ni nini ananusa maji yaliyopita hapa tulipopiga hema.

Kando ya ziwa mtaona mimea ambayo bondeni hamna. Iko lobelia kubwa, ambayo majani yake yamepangwa kama bakuli na ndani yake mna maji. Usiku maji ya juu huganda yakawa kifuniko cha barafu, na chini ya kifuniko hicho kichipukizi cha mmea hakigandi. Uko pia mti uitwao senesio, mrefu kupita mtu. Majani yake yakifa hayaanguki, hubaki yakining'inia na kuuzunguka mwili wa mti kama koti zito. Tazameni hekima iliyomo. Pale juu mchana jua huchoma, na usiku kila kitu huganda. Mmea usio na koti hauwezi kuishi. Mtu naye ni vivyo hivyo, lakini koti lake analichukua mwenyewe.

Hapa nataka msikilize kwa makini, maana tumefika kwenye kiini cha somo.

Hewa tunayoivuta ina uzito. Huku chini hewa ya juu inaikandamiza ya chini, kwa hiyo kila pumzi unayovuta imejaa. Ukipanda, hewa inakuwa nyepesi. Kwenye kilele cha Lenana, pumzi moja ina hewa iliyozidi kidogo tu nusu ya ile ya Mombasa. Mama mpishi atajua haraka kuliko profesa. Huko juu maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 84 hivi badala ya 100, kwa hiyo maharagwe yatatokota mchana kutwa bila kuiva. Chukueni vyakula vinavyoiva upesi.

Mwili wa binadamu unaweza kuizoea hewa nyepesi, lakini unataka muda. Ndiyo sababu tulilala langoni, tukalala Ziwa Ellis, na sasa tunalala Ziwa Michaelson. Ukishapita mita 3,000, usilale usiku wa leo juu kupita usiku wa jana kwa zaidi ya mita 500 hivi. Mwenye nafasi alale ziwani siku mbili. Wahenga wetu walisema pole pole ndio mwendo, na mlimani maneno hayo ni dawa.

Asiyefuata kanuni hiyo huweza kupatwa na ugonjwa wa mlima. Andikeni dalili zake. Za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, uchovu na kukosa usingizi. Mwenye dalili hizi asipande zaidi. Apumzike pale pale alipo, anywe maji, na zisipopungua ashuke. Dalili za hatari ni hizi: mtu anahema hata akiwa amekaa, anakohoa na kifua kinalia, au anapepesuka kama mlevi, anasema maneno yasiyopangika, hajui alipo. Hapo mapafu yake au ubongo wake umeanza kuvimba kwa maji. Mtu huyo ashushwe mara moja, hata kama ni usiku, hata kama mvua inanyesha, na asishuke peke yake. Akingojewa mpaka asubuhi huenda asiione asubuhi.

Ikiwa una shaka, mpe jaribio hili. Chora mstari ardhini, umwambie atembee juu yake, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akishindwa, msibishane naye. Mshusheni.

Nitawapa mfano niliouona kwa macho yangu. Tulikuwa kundi la walimu tisa na wapagazi wetu. Mmoja wetu alikuwa mkulima hodari, mwenye mabega mapana, ambaye siku zote tatu alitutangulia sote. Usiku wa kwenda kileleni, tulipokuwa tumepita ziwa na kupanda kama saa mbili, alianza kubaki nyuma. Nilidhani anafunga viatu. Kiongozi wetu, mzee mfupi asiyependa maneno mengi, alirudi akammulika kwa tochi, akamwuliza jina la mtoto wake wa kwanza. Bwana yule alifikiri kwa muda mrefu, kisha akataja jina la ng'ombe. Baadhi yetu tulicheka. Mzee hakucheka. Alisema, "Huyu anashuka sasa." Bwana akakasirika, akasema kilele kiko pale, amelipa fedha zake, hawezi kuambiwa rudi mbele ya watu aliowashinda siku zote tatu. Mzee akamjibu kwa upole, "Baba, mlima utakuwapo mwakani. Nataka na wewe uwepo." Mpagazi mmoja akamshika mkono upande huu, mwingine upande ule, wakashuka naye mpaka ziwani, na kisha chini zaidi. Tulipomkuta siku ya pili yake alikuwa amekaa juani, anakula uji, na jina la mtoto analijua vizuri. Mwenyewe alisema hakumbuki hata neno moja la ugomvi ule.

Nataka mzingatie mambo mawili katika mfano huu. Kwanza, aliyeugua alikuwa mwenye nguvu kuliko wote. Nguvu za misuli hazimkingi mtu. Kwa kweli mwenye nguvu yumo hatarini zaidi, kwa kuwa hupenda kukimbia. Pili, mgonjwa mwenyewe hakujua kwamba ni mgonjwa, kwa kuwa kilichougua ni kile kile anachofikiria nacho. Kwa hiyo kila kundi lipatane mapema, wakiwa bado chini na akili zao timamu, kwamba kiongozi akisema shuka, mtu atashuka.

Neno hili linawahusu wapagazi pia. Wako watu wanaodhani mpagazi, kwa kuwa amezaliwa karibu na mlima, hawezi kuugua. Si kweli. Chogoria si mita 4,000. Yeye naye huumwa kichwa, na mara nyingi hunyamaza kwa kuogopa kupoteza kibarua. Unayemwajiri mtu akubebee mzigo, mwulize kila jioni hali yake, na tazama kama ana sweta, koti la mvua na mahali pakavu pa kulala. Ukiwa na hema na yeye amelala nje, kundi lako halijakamilika.

Sasa baridi. Kila ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita na nusu hivi. Mombasa ikiwa na joto la nyuzi 30, Lenana iko karibu na sifuri, na kabla ya mapambazuko ni chini yake. Nguo za pamba zikilowa haziwekei mwili joto. Vaeni sufu ndani na koti lisilopitisha maji nje. Msisahau kofia, glavu na soksi kavu za akiba. Mtu akitetemeka sana, akishindwa kufunga vifungo vyake na ulimi wake ukawa mzito, baridi imemwingia. Mwondoeni katika upepo, mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni, na kama anaweza kumeza mpeni kinywaji cha moto chenye sukari. Pombe msimpe, kwa maana humfanya ajione ana joto huku mwili wake ukizidi kupoa. Miezi inayofaa kwa safari ni Januari na Februari, na tena Julai mpaka Septemba, wakati mvua ni chache.

Usiku wa mwisho tunaondoka ziwani kama saa nane ya usiku, kila mtu na tochi yake. Mbele yetu kuna zaidi ya mita 1,000 za kupanda. Njia inapanda kichwa cha bonde, juu ya kokoto zinazoteleza: hatua mbili mbele, nusu nyuma. Tunapita mwanya uitwao Simba Col, halafu mawe matupu. Hapo majani na wadudu ni haba sana. Mtu anahesabu hatua kumi, anapumzika, anahesabu tena kumi. Karibu na kilele tunashika mawe kwa mikono. Jua linapochomoza tumesimama Lenana, na Nelion na Batian wanatutazama kutoka ng'ambo ya bonde. Siku hewa ikiwa safi, Kilimanjaro huonekana kusini, mbali sana.

Msikae sana. Mpanda ngazi hushuka, na watu wengi huumia wakati wa kushuka, kwa sababu magoti yamechoka na akili imekwisha furahi. Wekeni nguvu na chakula kwa ajili ya kurudi.

Kabla hatujashuka, tazameni chini ya kilele. Hapo ndipo ilipokuwa barafu kubwa kuliko zote za mlima huu, barafu ya Lewis. Wapimaji walioilinganisha ya mwaka 1934 na ya mwaka 2010 waliona kwamba katika muda huo imepungua kiasi cha asilimia 90, kwa sababu hali ya nchi imebadilika. Watoto wa darasa la kwanza leo huenda wasiione kabisa. Je, mito itakauka? Tusitishane bure. Sehemu kubwa ya maji ya mito yetu hutokana na mvua na ukungu unaoshikwa na msitu, si barafu. Lakini hilo linazidi kuonyesha thamani ya msitu. Mwezi wa Machi 2012 moto uliteketeza sehemu kubwa ya msitu na majani ya mlima huu. Barafu hatuwezi kuirudisha kwa mikono yetu. Moto tunaweza kuuzuia: jiko la kambi lizimwe kwa maji, kipande cha sigara kisitupwe majanini, na mrina asali asiache moshi wake nyuma. Mlima unaanza kuharibika pale chini, palipo na shamba letu, na ndipo pia unapoanza kulindwa.

Somo letu limefika mwisho. Sasa zimeni redio, mfungue majadiliano. Maswali ya kikundi ni haya:

1. Kwa nini tulilala mara tatu kabla ya kwenda kileleni, ingawa mtu hodari angeweza kufika upesi zaidi?

2. Mwenzenu anapepesuka na anakataa kushuka. Mtasema nini, na nani atashuka naye?

3. Eleza kwa maneno yako jinsi barafu ilivyochimba Ziwa Michaelson. Mwenye kujua useremala atoe mfano.

4. Kijiji chenu kinapata maji ya mto gani? Fuateni mto huo katika ramani mpaka chanzo chake. Ni nani anayetunza chanzo hicho?

Katibu aandike majibu mliyokubaliana, na yale msiyokubaliana pia, maana hayo ndiyo yatakayotufunza zaidi. Kwaherini, na Mungu awape usiku mwema.